Sanduku Letu na Mtoto Aliyetubadilishia Katiba



Tulianza mwaka 2015 tukiwa akina mama kumi na wanane chini ya mwembe, na sanduku la bati lenye kufuli tatu. Mtindo huu hatukuubuni sisi. Ulianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa akina mama wa vijijini kama sisi, ukaenea hadi huku. Hisa moja ilikuwa shilingi 2,000, na kila mmoja alitoa 500 za mfuko wa jamii. Habari za mabati na ada za shule wengine watazieleza. Sisi tutaeleza ya mfuko wa jamii, maana hapo ndipo tulipokaribia kuvunjika.

Mwaka 2017 binti wa mwenzetu, yuko darasa la kwanza, alianza kunywa maji kupita kiasi. Akimaliza kikombe anarudi mtungini. Usiku anakojoa kitandani, jambo aliloacha zamani. Akakonda na huku anakula. Bibi yake aliona sisimizi wamejaa pale alipokojoa, akasema hili si bure. Wengine tulisema minyoo, wengine eti amerogwa. Alitibiwa malaria. Siku ya nne akawa anahema kwa nguvu, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva mno, kisha akawa haitiki. Alipakiwa kwenye bodaboda, katikati ya dereva na mama yake, hadi hospitali. Wakampima sukari. Kumbe kisukari! Sisi tulidhani ni ugonjwa wa wazee na matajiri.

Mama yake alielezwa kwamba kongosho la mtoto halitengenezi tena insulini, na kwamba si kosa lake wala la chai ya sukari. Watoto wa namna hii zamani hawakupona. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Banting na Best. Wa kwanza kuchomwa, mwaka 1922, alikuwa kijana wa miaka 14. Sindano ni kila siku, maisha yote.

Basi mwenzetu akaja kikundini. Katiba ilisema mfuko wa jamii ni wa msiba, uzazi na kulazwa, mara moja kwa mwaka. Mara ya kwanza alipewa. Mara ya pili tulimkatalia, tena kwa kura, na tunaliandika hapa lisisahaulike. Insulini yenyewe alipewa bure kliniki, kwa mpango wa watoto, lakini nauli ya kwenda na kurudi hakuna aliyempa bure, wala vijiti vya kupimia sukari vilipokwisha. Aliuza mbuzi wawili. Halafu akaanza kupunguza dozi ili chupa isiishe kabla hajapata nauli. Mtoto akalazwa tena.

Mkutano uliofuata ulikuwa mchungu. Bibi wa mtoto, ambaye hata si mwanachama, alisimama akatuuliza kama tunasubiri iwe msiba ndipo tufungue sanduku. Hakuna aliyemjibu. Tukaandika kifungu kipya: nauli ya kliniki kila mwezi, na mkopo wa dharura usio na riba. Wenzetu watatu walijitoa wakidai fedha zao. Wawili walirudi baadaye.

Nyumbani nako kulikuwa na shule yake. Umeme hatuna, na insulini haitaki joto. Tulitumia chungu ndani ya chungu, katikati mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, na kitambaa kibichi juu. Mara moja tuliiweka kwenye friji la duka, ikaganda. Ikigandishwa imeharibika, ikatupwa. Ugali na viazi hakukatazwa, ila vinapimwa, na saa ya kula haisogezwi. Hapo ndipo penye kazi wakati wa palizi, maana shambani chakula huchelewa. Siku moja alianza kutetemeka na kutoka jasho, akiongea maneno yasiyoeleweka. Sukari imeshuka! Aliyekuwa karibu alimpa soda, akazinduka. Tangu hapo kila jembe linalokwenda kwenye shamba lile linakwenda na sukari iliyofungwa kwenye kitambaa. Mwalimu wake naye aliwekewa ya kwake mezani.

Sasa, mwaka 2025, yuko kidato cha pili na anajichoma mwenyewe. Nauli yake ya mwezi huu ilitolewa Jumamosi iliyopita, kabla ya hisa kuhesabiwa.