Nani Aliandika Maelezo ya Linux, na Kiswahili Kilikuwa Wapi?

Mkazi wa Mtanda, Manispaa ya Lindi, mwenye simu ya Android anatembea na Linux mfukoni, ajue asijue. Akifungua Mipangilio, akaingia Kuhusu simu, kisha toleo la Android, atakuta mstari wa namba ambao kwa simu nyingi huanza na 4, 5 au 6. Hilo ni toleo la kiini, yaani ile sehemu ya mfumo endeshi inayogawa kumbukumbu, kuzipa programu zamu na kuzungumza na kamera, betri na laini ya simu. Kiini hicho kina mipangilio zaidi ya 10,000. Mingi huamuliwa kiwandani wakati wa kukijenga, na mingine fundi anaweza kuigusa mashine ikiwa inafanya kazi. Watu wengi hudhani kazi ngumu ilikuwa kuitengeneza mipangilio hiyo. Kuieleza nako kumewatoa watu jasho kwa miaka zaidi ya 30.

Mfano mzuri ulikuwepo zamani. Tarehe 3 Novemba 1971, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani, walitoa mwongozo wa kwanza wa mfumo wao wa Unix. Kila amri ilipewa ukurasa wake, na ndani yake kulikuwa na mahali pa kutaja kasoro za amri hiyo. Ni uungwana ambao vijitabu vya simu za leo vimeusahau.

Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye umri wa miaka 21, alipoitangaza Linux Agosti 1991, mipangilio ilikuwa michache na aliyetaka kujua aliusoma msimbo wenyewe. Miaka michache baadaye hali haikuwa hiyo tena. Kila aliyeandika programu ya kuendesha kadi ya sauti au diski aliongeza swichi yake, ama uiwashe ama uizime kabla ya kujenga kiini. Swichi zilitawanyika katika folda nyingi, lakini maelezo yake yote yalirundikwa katika faili moja lililoitwa Configure.help, ambalo kwa miaka mingi lilitunzwa na Axel Boldt. Aliyeongeza swichi huku alitakiwa akumbuke kupeleka maelezo kule. Wengi hawakukumbuka. Mtumiaji akibonyeza kitufe cha msaada, alijibiwa kwamba samahani, msaada bado haupo.

Hapo ndipo ulipoanza ugomvi ambao wakongwe wa Linux bado wanausimulia. Eric Raymond, mwandishi maarufu wa harakati za programu huria, alitengeneza mfumo mpya wa mipangilio ulioitwa CML2, kwa lugha ya Python. Wenzake wakaukataa. Hawakutaka mtu alazimike kuwa na Python ndipo ajenge kiini, na walichukizwa na hamu yake ya kubadili kila kitu kwa mkupuo. Mwanzoni mwa 2002 lile faili kubwa likavunjwa vipandevipande, kila folda ikapewa maelezo yake. Oktoba mwaka huohuo mfumo wa Roman Zippel, ambao leo unaitwa Kconfig, ukaingia katika toleo la 2.5.45. Zippel hakuwa na jina kubwa kama Raymond. Kazi yake ndiyo iliyobaki.

Ndani ya Kconfig, jina la swichi, aina yake, inachotegemea na aya ya maelezo vinakaa mahali pamoja. Mashine inasoma yote hayo na kujitengenezea ukurasa wa msaada: swichi hii imetajwa katika faili gani na mstari wa ngapi, inahitaji swichi ipi iwashwe kwanza, na ni nyingine zipi zinazoiwasha zenyewe. Hayo hakuna mtu anayeyaandika kama maelezo, na yakibadilika katika msimbo, yanabadilika katika ukurasa. Mwanadamu ameachiwa aya moja tu, ile inayosema swichi ni ya nini na nani anaihitaji. Hata hapo anasimamiwa: kuna programu ya kukagua marekebisho ambayo hulalamika aya hiyo ikikosekana au ikipungua mistari minne.

Kwa mipangilio ya kundi la pili, ile inayoguswa mashine ikiwa hai, mambo yalikwenda vibaya zaidi. Rik van Riel aliandika maelezo yake mwaka 1998 na 1999, katika faili zilizojitambulisha kuwa ni za toleo la 2.2.10. Kiini kikasonga mbele: 2.4, 2.6, 3, 4, 5. Kichwa cha faili kikabaki palepale kama saa iliyosimama ukutani, na mwaka 2020 ulipoingia bado kulikuwa na kurasa zilizojitangaza kuwa za 2.2.10. Baadhi ya mipangilio iliyoelezwa ilikuwa imeshafutwa, na mingi mipya haikuwa na hata sentensi moja.

Madhara yake hayakuwa ya kinadharia. Chukua mpangilio uitwao swappiness, unaoamua jinsi kiini kinavyopima kati ya kuhamishia diskini kumbukumbu za programu na kuachia nakala za mafaili. Kwa kawaida thamani yake ni 60. Kwa miaka mingi kikomo cha juu kilikuwa 100. Toleo la 5.8, Agosti 2020, likakifanya 200. Fundi anayefuata maelezo ya zamani hatajua kwamba nusu ya uwanja ameachiwa bila kuambiwa.

Mwaka huo wa 2020 Stephen Kitt alisafisha kurasa hizo, na akaacha nyuma yake programu ndogo inayolinganisha mipangilio iliyomo katika msimbo na ile iliyoelezwa, kisha inataja iliyopungua upande wowote. Programu hiyo haiandiki hata aya moja. Kwa maoni yangu ndiyo maana inafaa: inamwonyesha mtu palipo na pengo, halafu inamwachia aandike. Kurasa zenyewe kwa ujumla zilikuwa zimeshapata mtambo mpya wa kuzichapa tangu Oktoba 2016, toleo la 4.8, chini ya usimamizi wa Jonathan Corbet.

Sisi tulikuwa wapi miaka ya mwanzo ya Kconfig? Julai 2004 gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Kilwa ambako iligunduliwa mwaka 1974, ilianza kuendesha mitambo ya umeme ya Ubungo, baada ya kusafiri katika bomba la zaidi ya kilomita 200. Jirani na hapo, Mlimani, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikuwa ikishirikiana na kampuni ya Uswidi, IT+46, katika mradi wa Kilinux. Kabla ya mwaka kwisha ikatoka Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Njia yao ilikuwa ileile ya mashine na mtu: mashine ilichopoa kutoka kwenye msimbo maneno yote yanayoonekana kwenye skrini, watu wakayafasiri, mashine ikayarudisha.

Na mwaka uliofuata, 2005, Arnaldo Carvalho de Melo wa Brazili aliitia Kconfig uwezo huohuo. Maelezo ya swichi sasa yangeweza kuchopolewa na kufasiriwa kwa lugha yoyote. Mlango ukakaa wazi kwa miaka 13, na hakuna Mswahili aliyebisha hodi. Hata lugha nyingine ziliutumia kwa uchache mno. Katika toleo la 4.18, mwaka 2018, Sam Ravnborg aliuondoa, kwa hoja kwamba umeharibika na hauonekani kutumiwa na mtu.

Siwalaumu watu wa Kilinux. Mwaka 2004 kumpa karani wa Lindi barua na jedwali kwa lugha yake kulikuwa na maana kubwa kuliko kumfasiria fundi mipangilio ya kumbukumbu. Lakini leo kuna vijana wanaosomea TEHAMA na wanaosimamia seva za halmashauri, benki na vyuo, na wote wanajifunza mipangilio hii kwa kukariri amri wasizoelewa vizuri.

Njia moja bado ipo. Katika msimbo wa Linux kuna folda ya tafsiri za nyaraka: Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitalia, Kihispania. Ya Kiswahili haimo. Kuianzisha hakuhitaji kibali cha wizara wala fedha za mfadhili. Kunahitaji mfasiri anayeelewa anachokifasiri, na mwenzake wa kumhakiki. Walimu wa vyuo vyetu, wapeni wanafunzi wa mwaka wa mwisho kazi hiyo iwe mradi wao, na waanze na ukurasa wa mipangilio ya kumbukumbu, ambao ndio fundi wa seva huuhitaji kila mara.