"Bado ni hatari?" Swali tulilorithi bila kipimo

Kila mtu aliyeua akiwa mgonjwa wa akili akitajwa kuachiliwa, mjadala huwa uleule. Huyu anasema afungiwe milele, yule anataja haki za binadamu, halafu matusi yanaanza. Hebu turudi nyuma kidogo, kwa sababu swali la "bado ni hatari?" lina historia yake.

Tuanze London, 1800. Mwanajeshi wa zamani, James Hadfield, alimfyatulia risasi Mfalme George wa Tatu ndani ya jumba la maigizo la Drury Lane. Akamkosa. Alikuwa amejeruhiwa vibaya kichwani vitani, na mahakama ikakubali kwamba akili yake haikuwa sawa. Bunge likaogopa asije akaachiliwa, likapitisha sheria haraka: mtu kama huyu azuiliwe hadi mfalme atakaporidhia. Muda haukutajwa, wala namna ya kupima hatari.

Maneno hayo yalikuja kwetu na ukoloni. Kifungu cha 166 cha sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai kilisema mtu wa aina hiyo "ana hatia lakini ni mwendawazimu", azuiliwe kwa ridhaa ya Rais. Ripoti yake iandikwe baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2. Mwizi wa mabavu aliyehukumiwa miaka kadhaa anaijua tarehe yake ya kutoka. Huyu haijui. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kisumu ilisema utaratibu huo unakiuka Katiba.

Lakini nanyi mnaoogopa mna hoja. Kuna familia iliyozika mtu wake. Basi tuulize: je, madaktari wanaweza kujua nani atarudia?

Jambo hili lilijaribiwa New York bila mtu yeyote kupanga. Johnnie Baxstrom alimaliza kifungo chake 1961, lakini akaendelea kufungiwa katika hospitali ya magereza kwa sababu alionekana mgonjwa na hatari. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hapana, apewe utaratibu sawa na raia wengine. Uamuzi huo ukamgusa si yeye pekee. Wagonjwa 967 wakahamishwa kutoka hospitali zenye ulinzi mkali hadi hospitali za kawaida. Hawa wote walikuwa wamehesabiwa hatari mno. Wafanyakazi kule walikokwenda walijawa na hofu.

Watafiti Henry Steadman na Joseph Cocozza wakawafuatilia. Katika miaka kama 4, takriban mmoja kati ya watano ndiye aliyemshambulia mtu. Waliorudishwa kwenye ulinzi mkali hawakufika hata asilimia 3.

Sasa msinikimbilie. Wengi wao walikuwa wamezeekea huko ndani, na uzee hupunguza fujo. Na mmoja kati ya watano si mchezo ukiwa ni wewe uliyepigwa. Ila wanne waliobaki walikuwa wamefungiwa miaka na miaka kwa kosa ambalo wangelifanya kesho, na hiyo kesho haikufika.

Aibu hiyo ndiyo iliyowasukuma wataalamu kutafuta njia bora kuliko "mimi namwona hatari". Mwaka 1995 kule British Columbia, Kanada, ukatoka mwongozo uitwao HCR-20. Una mambo 20: 10 ya historia ya mtu, kama fujo za zamani na ulevi, 5 ya hali yake ya sasa, kwa mfano kama anaelewa ugonjwa wake, na 5 ya huko anakokwenda, kama ana watu wa kumshika mkono na kama atafuata matibabu.

Hayo 5 ya mwisho ndiyo nayaona sisi tunayaruka kabisa. Historia ya mtu haibadiliki, lakini hatari inapanda na kushuka. Mtu anaweza kupimwa Mathari leo akaonekana salama, kisha dawa ikakosekana kwenye zahanati ya kwao, ndugu wakamkataa, akaanza kunywa. Kipimo cha leo hapo hakina kazi tena.

Kwa hiyo mgombea akipanda jukwaani kuahidi kuwafungia wote, au kuwaachilia wote, mimi nina swali moja tu kwake: nani atamtembelea mtu huyu mwezi wa sita baada ya kutoka, na pesa ya kazi hiyo iko kwenye bajeti gani?