Wafu wa Ħal Saflieni

Mtu wa Biblia afikapo Malta hutaka kwanza kuiona ghuba ambayo wenyeji, kwa mapokeo yao, huihesabu kuwa ndipo merikebu ya Mtume Paulo ilipovunjika. Nasi tulianzia huko. Lakini Paulo alipofika Melita, kama isimuliwavyo katika Matendo ya Mitume sura ya 28, watu walikuwa wameanza kuzikwa katika mwamba wa kisiwa hicho takriban miaka 4,000 kabla yake. Makaburi yao makuu yako Ħal Saflieni, katika mji wa Paola, chini ya nyumba za watu.

Huingia watu kumi tu kwa zamu, maana pumzi ya wageni hubadili unyevu wa ndani na kuharibu michoro. Kwa sababu hiyo makaburi yalifungwa muda mrefu katika miaka ya 1990, yakafunguliwa tena mwaka 2000.

Kuna orofa tatu, kila moja chini ya nyingine, na ya mwisho iko zaidi ya mita 10 chini ya barabara. Waliozichimba hawakuwa na chuma. Walitumia zana za mawe na pembe za wanyama. Hata hivyo, katika orofa ya kati walichonga mwambani milango, nguzo na mapaa kwa mfano wa mahekalu ya mawe makubwa waliyoyasimamisha juu ya ardhi, kama yale ya Tarxien yaliyo jirani. Darini wamechora mizunguko kwa ngeu. Yaani nyumba ya wafu ilipewa sura ya nyumba ya ibada, na jambo hilo halikutokea kwa bahati.

Humo ndimo kilimopatikana kinyago cha udongo chenye urefu wa kama sentimita 12, ambacho sasa kimo katika jumba la makumbusho mjini Valletta. Ni mwanamke mnene aliyelala kwa ubavu juu ya kitanda, mkono chini ya kichwa. Wapo wamwitao mungu mke, na wapo wamwitao kuhani. Sisi tuliosoma kwamba neno la Kigiriki walilolitumia Wakristo wa kale kwa makaburi, koimeterion, maana yake ni mahali pa kulala, twavutwa upesi kuiona imani yetu katika udongo ule. Hatuna haki hiyo. Waliomfinyanga hawakuacha hata herufi moja.

Tena, kile ambacho mifupa yao ingaliweza kusema kwa sehemu kubwa kimepotea. Mwaka 1902 mafundi waliokuwa wakichimba mabirika ya maji kwa ajili ya nyumba mpya walitoboa paa la makaburi, wakanyamaza ili kazi isisimamishwe. Uchimbaji wa kitaalamu ulianza mwaka 1903 chini ya Padre Emmanuel Magri, Mjesuiti aliyekuwa pia mkusanyaji wa hadithi za Kimalta. Mifupa ikatolewa kwa wingi. Kisha padre akaenda Sfax, Tunisia, akafariki huko mwaka 1907, na daftari zake za uchimbaji hazikuonekana tena. Mchungaji yeyote aliyewahi kutafuta kitabu cha mazishi kilichopotea katika usharika ataelewa uzito wa hasara hiyo.

Aliyemrithi ni Themistocles Zammit, daktari yule aliyegundua mwaka 1905 kwamba homa ya Malta huenezwa na maziwa ya mbuzi. Yeye alihesabu mifupa ya sehemu ndogo iliyokuwa haijaguswa, akakadiria kwamba jumla ya waliozikwa ilifikia watu 7,000. Hesabu hiyo hurudiwa vitabuni kana kwamba waliandikwa majina. Ni makisio tu, ingawa ni ya mtu makini.

Anayetaka kujua waliwatendeaje wafu wao hana budi kuvuka hadi kisiwa cha Gozo, mahali paitwapo Xagħra, ambapo mapango ya mazishi yamezungukwa na duara la mawe makubwa. Huko wataalamu walichimba kati ya mwaka 1987 na 1994, wakiandika mahali pa kila kipande, na vipande hivyo vilizidi 200,000. Ikaonekana kwamba maiti hakuachwa alipolazwa. Waliofiwa walirudi, wakaisogeza mifupa ya kale kumpisha aliyekufa karibuni, na mara nyingine mafuvu wakayaweka mahali pa peke yake.