Kejeli na Mwenye Gitaa

Nyumbani kwetu Sepuka, katika nchi ya Wanyaturu, bibi yangu alizoea kuimba akitwanga uwele. Jirani mvivu akipita njiani alijitambua katika wimbo ule, ingawa jina lake halikutajwa. Hiyo ndiyo kejeli: fimbo isiyoacha alama mwilini.

Mwaka 1967 kijana wa Kimarekani, Arlo Guthrie, alitoa santuri iitwayo Alice's Restaurant. Upande wake wa kwanza wote, zaidi ya dakika 18, wasimulia kwa gitaa jinsi alivyotiwa hatiani kwa kutupa takataka, kisha wakubwa wa jeshi wakaingiwa na shaka kama mtu wa tabia hiyo afaa kupelekwa vitani Vietnam. Vijana waliochukia vita ile wakacheka, na kicheko chao kikawa hoja.

Je, hapa kwetu? Mwaka huo huo lilitolewa Azimio la Arusha. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana, kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Novemba muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Mambo ya kufanyiwa kejeli hayakukosekana. Mbona basi hatukupata santuri ya namna ile?

Wako wasemao kwamba waimbaji wetu walikuwa waoga. Mimi sikubali. Yatupasa kwanza tuulize gitaa lilikuwa la nani. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na wapigaji wake walikuwa waajiriwa. Polisi nao walikuwa na bendi yao. Aliyetaka kusikika hadi Sepuka hakuwa na njia ila Radio Tanzania, mali ya serikali. Guthrie alitolewa na kampuni ya biashara, na kumcheka mkubwa kulikuwa na faida dukani. Kwa hiyo kejeli yetu aghalabu ilielekea chini: ilimcheka mlevi, mhuni na msichana wa mjini, mkubwa akiguswa, aliguswa kwa fumbo.

Tusiwalaumu waimbaji. Lakini tukumbuke kwamba msichana yule wa sketi fupi alichekwa mara mbili, barabarani na katika nyimbo, wala hakuwa na chombo cha kujibia. Bibi yangu alikuwa na bahati: kinu kilikuwa chake mwenyewe.