Mguu unaolalia nje: soli ya ndani inavyosaidia

Haya wadau, leo naongelea miguu. Huku kwetu Shinyanga mpaka Geita mtu anashinda duarani na gambuti, jioni unyayo unawaka moto. Anameza dawa za maumivu kila siku, kumbe shida inaweza kuwa jinsi anavyokanyaga.

Jipime. Lowesha mguu, kanyaga sakafu kavu. Ukiona alama ya kisigino na ya mbele tu, katikati kamstari kembamba au hamna kitu, upinde wako uko juu. Geuza na kiatu cha zamani: soli ikiwa imelika upande wa nje kuanzia kisigino hadi kidole kidogo, mguu unalalia nje. Uzito unabebwa na ukingo huo, ndo maana kisigino kinauma na kifundo kinateguka hovyo.

Soli ya ndani inayofaa ni laini, inajaza upinde, na imenyanyuliwa kidogo upande wa NJE ili uzito urudi katikati. Angalieni hapa: zipo za miguu bapa, zilizonyanyuliwa upande wa ndani. Ukivaa hizo, mguu unazidi kulala!

Anza saa moja au mbili kwa siku, ongeza taratibu. Gambuti liwe na nafasi.

Mie si daktari. Mwenye kisukari, ganzi, au mguu mmoja ulioanza kupinda juzijuzi aende hospitali. Bugando, Mwanza, ndo rufaa yetu Kanda ya Ziwa. Mafundi wa vifaa hivi wanasomea TATCOT, pale KCMC Moshi, tangu 1981.

Miguu ndo mtaji, wadau!