Kutoka wembe hadi leza: ngozi yetu na mashine za kutoa nywele

Kinsevere.  

Wiki hii tulipokea swali kwa sauti kwenye simu. Mama mmoja aliyehamia huku na watoto wake anauliza: “Papa, binti yangu anataka kuolewa. Rafiki zake wanamwambia kuna mashine ya leza inayotoa nywele za kwapa na za kidevu, na hazirudi tena. Sisi ngozi yetu ni nyeusi. Mashine hiyo haitamchoma?”

Mama, tutakujibu. Lakini ili jibu lieleweke, tuanzie mbali kidogo, kwa sababu swali lako wengine walipaswa kuliuliza zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Hawakuuliza, na walilipa kwa ngozi yao.

Wembe ulikuwa na adabu yake

Kunyoa si jambo la kizungu. Wahunzi wa inchi hizi walifua nyembe za chuma kabla ya duka la kwanza kufunguliwa Elisabethville. Katika makabila mengi yetu mtu hunyoa kichwa akifiwa, na mtoto hunyolewa nywele alizozaliwa nazo. Huko pwani ambako Kiswahili chetu kilianzia, bibi arusi wa Mombasa au Zanzibar hutayarishwa na somo au kungwi: nywele za mwili huondolewa, ngozi husuguliwa kwa singo, kisha hupakwa liwa na mafuta. Kwa Waislamu, kutoa nywele za kwapa ni sehemu ya usafi, na wamefundishwa wasipitishe siku 40.

Angalieni jambo moja hapo. Yule kungwi hakutoa nywele tu akaenda zake. Alijua ngozi iliyotolewa nywele ni kama mlango ulioachwa wazi, akaitunza. Kazi ya kwanza ilikuwa kutoa nywele, kazi ya pili kutunza ngozi, na zote mbili zilifanywa na mtu mmoja anayemjua binti huyo.

Mwaka 1903 Mmarekani King Camp Gillette alianza kuuza wembe mwembamba wa kutupwa. Wembe huo ulifika kila soko la Afrika. Ulirahisisha kazi, lakini ulileta hatari yake pale ambapo wembe mmoja unanyoa vichwa vitano. Jamaa zinazoishi kwa kubanana zinajua jambo hilo. Virusi vya homa ya ini na vya Ukimwi vinaweza kupita katika damu kidogo inayobaki kwenye wembe. Kila mtu awe na wake.

Mashine ya kwanza ilipendeza, kisha ikaua

Mwishoni mwa mwaka 1895, mwalimu Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ya X, ile tunayopigwa hospitalini tunaposema “kupiga radio”. Mwaka uliofuata, huko Vienna, daktari Leopold Freund aliitumia kwa msichana wa miaka 5 aliyekuwa na alama kubwa yenye nywele mgongoni. Nywele zikaanguka kweli. Lakini ngozi ya mgongo ikafanya donda, na makovu yalibaki.

Donda lile lilikuwa onyo, ila biashara haikusikia. Katika miaka ya 1920, daktari Albert Geyser wa New York alitengeneza mashine ya mionzi ya X aliyoiita Tricho. Iliwekwa katika saluni za urembo za miji mingi ya Marekani. Mwanamke alikaa mbele ya sanduku zuri la mbao kwa dakika chache, bila maumivu, na baada ya kurudi mara kadhaa nywele za uso zikaanguka. Aliyeendesha mashine hakuwa daktari, alikuwa mfanyakazi wa saluni.

Ubaya wa mionzi ni kwamba haiumi siku ile. Ngozi ilikauka baada ya miaka, ikakunjamana, ikapata madoa na vidonda, na mwisho kansa. Mwaka 1929 chama cha madaktari wa Marekani kilikwisha kulaani mashine hizo. Hata hivyo, mwaka 1970 watafiti wa huko walikuwa bado wanaona kwamba zaidi ya theluthi moja ya kansa za wanawake zilizoletwa na mionzi zilitokana na kutoa nywele.

Watoto wa wahamiaji

Kisa kinachofuata nakisema hasa kwa jamaa zilizohama. Kati ya mwaka 1948 na 1960, inchi ya Israeli ilipokea wahamiaji wengi kutoka Maroko, inchi nyingine za Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati. Wengi waliishi katika kambi za muda. Watoto wao walipoonekana na mapunye kichwani, walipigwa mionzi ya X ili nywele zote zianguke na dawa ipakwe. Maelfu ya watoto walifanyiwa hivyo. Haikuwa kwa ubaya. Madaktari wa inchi nyingi waliiamini njia hiyo, na kidonge cha kutibu mapunye kilikuja mwishoni tu mwa miaka ya 1950.

Watoto wale walipokuwa watu wazima, baadhi yao walipata uvimbe kichwani na kansa ya tezi ya shingo. Mwaka 1994 Israeli ilitunga sheria ya kuwalipa fidia. Karibu miaka 40 ilikuwa imepita.

Mtu aliyehama mara nyingi hana nguvu ya kuuliza. Anaogopa atafukuzwa kwenye mstari, au ataonekana hana shukrani. Ndiyo maana namsifu mama yetu aliyeuliza.

Katanga pia ilikuwamo

Msidhani habari hizi ni za mbali tu. Mwaka 1915 madini ya urani yaligunduliwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, hapa hapa Haut-Katanga. Kampuni ya Union Minière ilianza kuyachimba mwaka 1921. Yalibebwa hadi Olen, Ubelgiji, ambako tangu mwaka 1922 kiwanda kilitoa ndani yake radiumu, na Katanga ikawa chemchemi kubwa ya radiumu duniani.

Radiumu hiyo ilitumika hospitalini kutibu kansa. Lakini wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani waliigeuza pia kuwa kitu cha urembo. Katika miaka ya 1930 Ufaransa iliuza krimu na poda za Tho-Radia, na tangazo lake lilijisifu kwamba ndani mna radiumu na thoriumu. Watu walijipaka usoni kitu ambacho leo mfanyakazi hawezi kukishika bila kujikinga. Nasi tuliokuwa na wachimbaji wale, nani aliwaeleza walichokuwa wanashika mikononi?

Basi leza ni nini?

Leza si mionzi ya X wala radiumu. Ni mwanga, na hailetei mtu kansa kwa njia ile ya Tricho. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960. Mwaka 1983, Rox Anderson na John Parrish wa Boston walieleza jinsi mwanga unavyoweza kupiga kitu kimoja ndani ya ngozi na kuacha kingine. Kuanzia mwaka 1995 na 1996 Marekani iliruhusu leza za kutoa nywele.

Kazi yake ni hii. Nywele ina rangi ya asili iitwayo melanini. Mwanga unapopiga, melanini inaunywa na kuwa moto, na moto huo unaunguza shina la nywele. Lakini ngozi yetu nayo ina melanini, tena nyingi. Leza za mwanzo zilifanya kazi vizuri kwa mtu mweupe mwenye nywele nyeusi. Kwa mtu mweusi, ngozi ilikunywa mwanga kabla haujafika kwenye shina. Matokeo yakawa malengelenge, madoa meusi au meupe, na makovu.

Baadaye ikaja leza iitwayo Nd:YAG, yenye mwanga wa nanometa 1064. Mwanga huo unazama zaidi, na ngozi ya juu inaunywa kidogo tu. Hiyo ndiyo inayofaa zaidi ngozi nyeusi, ikishikwa na mtu aliyesoma kazi hiyo. Mama, jibu lako ni hili: mashine inaweza kumchoma, na inaweza isimchome. Inategemea ni mashine gani, nani anaishika, na ngozi imetunzwa namna gani kabla na baada.

Kabla ya kwenda

Binti aulize kwanza: “Hii ni mashine ya aina gani? Mmeitumia kwa ngozi nyeusi kama yangu?” Wakikasirika, aondoke. Zile taa za kutumia nyumbani, nyingi hazikutengenezwa kwa ajili ya ngozi nyeusi.

Ajaribiwe mahali padogo kwanza, kisha asubiri siku mbili au zaidi, maana ngozi yetu huchelewa kuonyesha ubaya. Wiki 4 hadi 6 kabla, asing'oe nywele kwa nta, sukari wala uzi, kwa sababu leza inatafuta shina. Anaweza kunyoa kwa wembe wake siku moja kabla. Ajikinge na jua, hasa jua kali la mwezi wa tisa na wa kumi.

Na hili nalisema kwa sauti: aache mafuta ya kujichubua, yale ambayo wazee wetu waliyaita ambi. Hidrokinoni, zebaki na dawa kali za aina ya kotizoni hudhoofisha ngozi, na leza itaikuta haina ulinzi. Kama ana mimba, anakunywa doksisiklini au dawa nyingine, au kovu lake huvimba na kukua, aseme kabla. Na kama ana nywele nyingi kidevuni pamoja na hedhi isiyofuata mwezi, amwone daktari kwanza, kwani chanzo kinaweza kuwa ndani ya mwili.

Wakati wa kazi, macho yafunikwe kwa miwani maalumu. Hilo halina mjadala.

Akirudi nyumbani

Wekundu na uvimbe mdogo kuzunguka mashina ya nywele ni kawaida kwa siku moja au mbili. Aweke kitambaa safi chenye maji baridi, asiweke barafu juu ya ngozi moja kwa moja. Siku hizo asioge maji ya moto, asisugue, asipake manukato wala deodoranti. Vaselini kidogo inatosha. Wiki mbili na zaidi afunike mahali pale na jua, au apake krimu ya kukinga jua, namba 30 kwenda juu. Nywele zitaanguka zenyewe baada ya wiki moja hadi tatu, asizing'oe.

Likitokea lengelenge, asilipasue, wala asipake dawa ya meno. Aende kituo cha afya. Na ajue kwamba leza hupunguza nywele, mara nyingi haizimalizi. Inahitaji kurudia mara 6 au zaidi, kila baada ya wiki 4 hadi 8. Nywele nyeupe haizigusi.

Asiye na pesa ya leza asijione ameachwa nyuma. Maji ya vuguvugu, sabuni, wembe wake mwenyewe mkali, kunyoa kwa kufuata upande nywele zinakolala, kisha mafuta kidogo. Kwa vijana wenye vipele vya ndevu, kuacha ndevu zikue kwa wiki chache kunasaidia kuliko dawa nyingi.

Mama, mpelekee binti yako salamu zetu, na ndoa yake iwe ya heri. Ukimpeleka mjini, nenda naye, kaa naye chumbani, uulize alivyouliza kungwi wa zamani. Wanawake wa New York hawakuwa na mtu wa kuwaulizia. Yeye anaye.