Kutoka Mbwaa hadi Mukululu: Imani ya Watu wa Kirimaara

Wazee wa Kimeru walipoulizwa asili yao, walianza na bahari. Walisema babu zao waliishi Mbwaa, kisiwani, mahali ambapo baadhi ya wanahistoria wanapahusisha na Manda, karibu na Lamu. Huko walitawaliwa na Nguo Ntuni, watu wa nguo nyekundu, waliowapa mitihani isiyowezekana ili wapate sababu ya kuwaangamiza. Leteni kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Leteni ndama wa kinyesi cheupe. Toeni tunda lililotumbukia katika shimo refu.

Wazee wakakaa, wakashauriana. Kiatu wakakikata kwenye ngozi inayoning'inia shingoni mwa fahali. Ndama wakamnywesha maziwa matupu. Shimo wakalimiminia maji mpaka tunda likaelea juu. Lakini walipoagizwa mkuki wa kugusa mbingu, akili ziliishia hapo. Ndipo Koomenjwe, kiongozi wao, alipowatoa usiku. Walipofika majini, maji yakagawanyika. Waliovuka usiku wakawa koo nyeusi, wa alfajiri nyekundu, na wa mchana nyeupe.

Msomaji wa Biblia atakumbuka mara moja kitabu cha Kutoka, na wapo wanaodai kwamba wamisionari waliitia chumvi simulizi hii. Mimi linalonigusa ni jingine. Watu hawa walimkumbuka Mungu aliyewafungulia njia, wala hawakuisahau mikono iliyomimina maji shimoni. Kumtumaini Mungu na kuteka maji vilikwenda pamoja.

Tumaini hilo lilipanda nao hadi kwenye miteremko ya mlima ambao Wameru wanauita Kirimaara. Jirani zao Waembu waliuita Kirinyaga na kuomba wakiuelekea. Upande wa Meru alikuwapo Mugwe, mtu wa baraka, ambaye mkono wake wa kushoto ulifunikwa daima na haukutumika ila kubariki. Nimeufikiria sana mkono huo: nguvu zote zile, na kazi yake ni kuwatakia watu mema.

Kisha zikaja bunduki. Waingereza waliishinda Embu mwaka 1906, na mwaka 1908 kituo cha serikali kikafunguliwa Meru. Wamisionari hawakukawia: Waanglikana Kigari mwaka 1910, Wamethodisti Kaaga, Wakatoliki wa Consolata, na Waskoti Chogoria, ambako Daktari Clive Irvine alifika mwaka 1922. Mwaka 1929 mgogoro wa tohara ya wasichana, ambayo wamisionari waliipinga, uliyapasua baadhi ya makanisa haya machanga. Chogoria ilibaki na waumini wachache mno.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja na hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni Oktoba 1952, kukabili uasi wa Mau Mau. Kuanzia mwaka 1954 zaidi ya watu milioni 1, Wakikuyu, Waembu na Wameru, walihamishwa kwa nguvu na kufungiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miba. Akina mama walichimba mahandaki hayo kwa mikono yao. Shamba liliruhusiwa kwa saa chache, njaa na maradhi yakaingia, na watoto wakazikwa. Ndugu wa uamsho, Wakristo waliookoka, walibanwa pande zote mbili, maana wengi wao walikataa kiapo cha Mau Mau na wakakataa pia kubeba bunduki ya serikali. Wako waliouawa kwa ajili hiyo.

Hapa sikubaliani na wahubiri wanaosema kila dhiki imetumwa na Mungu ili tujifunze. Mtoto aliyekufa kwa njaa nyuma ya handaki la mkoloni hakuwa somo la mtu. Ninaloamini ni kwamba Mungu hakumwacha mama wa mtoto huyo akilia peke yake, na kwamba alichukizwa na handaki lile kabla yetu.

Miaka mingi baadaye, Askofu Mwanglikana David Gitari alihubiri hivyo, kwamba Mungu huchukizwa na dhuluma, kutoka dayosisi yake ya Mlima Kenya Mashariki, iliyokuwa na makao Embu. Alikemea waziwazi kura ya mlolongo, ambayo wapiga kura walipanga foleni badala ya kupiga kura kwa siri. Aprili 1989 majambazi walivamia nyumba yake usiku. Alipanda juu ya paa akipiga mayowe, majirani wakafika, akapona. Aliendelea kuhubiri.

Hata hivyo, nikiulizwa upendo wa Mungu unaonekanaje huku, nitakupeleka Mukululu, kwenye msitu wa Nyambene. Katika eneo hilo, huko Tuuru, palikuwa na makao ya watoto waliolemazwa na polio, na maji yalikuwa adimu. Bruda Giuseppe Argese, mmisionari wa Consolata, ambaye watu walimwita Mukiri, yaani mnyamavu, aliutazama ukungu ukigusa majani, ukageuka matone, matone yakadondokea udongoni. Akayakusanya kwenye mabwawa na kuyashusha kwa mabomba. Yalianza kwa watoto wale, yakaenea maeneo ya Igembe na Tigania, hadi kwa maelfu ya watu ambao mama zao walikuwa wakitembea mbali na mitungi mgongoni.

Argese alifariki mwaka 2018. Matone yale hutoka kwenye miti, na mti ukikatwa ukungu hupita bila kuacha kitu. Ndugu zangu wa Nyambene, tafadhali msiikate miti ile.